Folda inaganda, faili haifutiki, flashi imejaa shortcut: pitia hapa kabla hujapiga window

Haipiti wiki bila mtu kuingia hapa steshenari kakumbatia laptopu, hata salamu haijaisha ananiambia kaka naomba unipigie window (yani nifute Windows niiinstoo upya), ukimuuliza kwani ina nini anasema nikifungua folda inaganda, au nikifuta faili inakataa, au nikiraiti kliki inazunguka wee mpaka nachoka. Wengine washapita kwa fundi wakaambiwa hakuna dawa nyingine. Mi nasema hivi, kwa matatizo ya namna hii kupiga window kuwe kitu cha mwisho kabisa, manake mafaili yanapotea, programu zote unaanza kuinstoo moja moja, Office inadai laiseni upya, na baada ya siku chache unakuta tatizo limerudi vilevile kwa sababu halikuwa la Windows toka mwanzo. Lilikuwa la flashi, au folda moja tu, au kiprogramu kimoja kilichojichomeka kwenye menyu.

Kwanza tuelewane kidogo jinsi kinavyofanya kazi. Kile kidirisha cha kufungulia mafaili kinaitwa File Explorer (kabla ya Windows 8 ya mwaka 2012 kilikuwa kinaitwa Windows Explorer, na mpaka leo kwenye Task Manager utakikuta kwa jina hilo la zamani), faili lake ni explorer.exe. Sasa explorer.exe hiyohiyo ndo inachora deskitopu yako na taskibaa ya chini, ndo maana folda ikiganda unakuta hata kitufe cha Start hakibonyezeki na mtu anadhani mashine yote imekufa. Halafu jambo la pili ambalo ndo muhimu zaidi, Explorer haifanyi kazi peke yake. Ukifungua folda tu inaita wenzake kibao, anayechora zile picha ndogo, WinRAR ya kufungulia zipu, OneDrive ya kutunzia mafaili mtandaoni, antivirusi, diski ya mtandao wa ofisini, kila mmoja anaulizwa una la kusema kuhusu hili faili? Mmoja asipojibu, Explorer inamsubiri. Kwa hiyo kila dalili hapa chini jiulize swali hilohilo: inamsubiri nani?

IMEGANDA SASA HIVI NA KAZI IKO WAZI KWENYE WORD

Usishikilie kitufe cha kuzimia. Kazi yako kwenye Word bado iko hai, kilichoganda ni Explorer tu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager itatokea, tafuta Windows Explorer kwenye orodha, iklik halafu bonyeza Restart. Taskibaa itapotea sekunde chache skrini ibaki kama imefutwa, usishtuke, inarudi. Kama imepotea moja kwa moja na Windows Explorer huioni hata kwenye orodha, humohumo Task Manager tafuta Run new task (kwenye Windows 10 iko ndani ya File), andika explorer.exe, Enter. Ila kama ulikuwa unakopi mafaili wakati huo jua kopi inakatika, utaanza tena.

Kama inakuganda mara kwa mara nenda Folder Options, kwenye Windows 10 ni View halafu Options, kwenye Windows 11 ni zile nukta tatu juu halafu Options, ingia tabu ya View, shuka chini uweke tiki kwenye Launch folder windows in a separate process. Haitibu chanzo lakini folda ikianguka haiangushi na taskibaa, unapata nafasi ya kupumua wakati unatafuta mchawi.

EXPLORER YENYEWE INACHELEWA KUFUNGUKA

Unabonyeza ile ikoni ya folda ya njano, unasubiri, nusu dakika ndo inafunguka. Hapa karibu kila mara inasubiri kitu ambacho hakipo. Kuna kaka mmoja mhasibu, laptopu yake ofisini inakwenda vizuri kabisa, akifika nyumbani inakuwa nzito kufungua folda yoyote ile, akaamini umeme wa kwake unaiharibu mashine. Nikafungua cmd (kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri) nikaandika:

net use

Ikaja Z: inayoelekea kwenye seva ya ofisi, na pembeni imeandikwa Unavailable. Yani kila akifungua This PC, Windows inaanza kuitafuta seva ambayo iko mjini na yeye yuko kwake, inaita mpaka inakata tamaa ndo inamwonyesha mafaili. Kama hiyo diski huihitaji tena unaiondoa hivi:

net use Z: /delete

Kama unaihitaji kazini basi iunganishe tena kwa herufi hiyohiyo ukifika kazini, au vumilia ukijua sababu. Hilohilo linatokea kwa eksteno (diski ya nje) iliyolala, kwa CD yenye mikwaruzo iliyosahauliwa ndani, na kwa zile folda za mtandao ulizozibandika Quick access miaka miwili iliyopita. Ondoa vyote ambavyo havipo. Halafu kwenye Folder Options tabu ya General badilisha Open File Explorer to iwe This PC, na chini pale kwenye Privacy bonyeza Clear kufuta historia. Mashine nyingi zinaishia hapo zinapona.

DOWNLOADS TU NDO INACHELEWA, ZINGINE ZIKO SAWA

Hii kwa wanafunzi wa chuo ni kila siku. Ule mstari wa kijani juu kwenye anwani unatambaa taratibu kama konokono, mafaili hayaonekani mpaka ufike mwisho. Sababu ni kwamba Windows inaichungulia folda na kukisia ni ya aina gani, ikiona mapicha na video za WhatsApp zimejaa inasema aah hii ni folda ya picha, basi inaanza kufungua kila faili isome lilipigwa lini, urefu gani, ukubwa gani, na wewe ndani una PDF na zipu na instola elfu kadhaa.

Raiti kliki kwenye folda ya Downloads, Properties, tabu ya Customize, pale Optimize this folder for chagua General items, weka na tiki ya Also apply this template to all subfolders, OK. Funga ufungue tena. Ukishaona tofauti utashangaa kwa nini uliteseka mwaka mzima. Na wale wanaolalamika mafaili yao Downloads yamejipanga kwa makundi ya Today, Last week, Earlier this month na hawakugusa chochote, hiyo ilikuja na Windows 10 toleo la 1903, raiti kliki sehemu tupu ndani ya folda, Group by, chagua None.

RAITI KLIKI INAGANDA

Hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu ndo tatizo linalopigiwa window kuliko yote na ndo halistahili kabisa.

Ukiinstoo programu, nyingi zinajiongeza kwenye ile menyu ya raiti kliki bila kukuomba. WinRAR inaweka Add to archive, antivirusi inaweka Scan, dereva ya kadi ya picha inaweka yake, programu ya PDF ya kwake, ile ya kubadilisha video ya kwake. Kila ukiraiti kliki Explorer inawaita wote waje wachore mstari wao ndo menyu itokee. Mmoja akiwa mzee, au programu yake ulishaiondoa ila mzizi ukabaki, menyu yote inakwama inamngoja huyo mmoja, na wakati mwingine Explorer yenyewe inaanguka.

Kumjua, anza na kitu ambacho Windows inacho tayari na watu hawakitumii. Bonyeza Windows+R andika:

perfmon /rel

Itatokea grafu ya siku, zile siku zenye duara jekundu lenye X ndo siku kitu kilianguka. Klik siku hiyo, chini tafuta Windows Explorer, fungua details, angalia mstari wa Fault Module Name. Ukikuta jina la dll (kipande cha programu) ambalo si la Windows lenyewe, mara nyingi lina jina la programu ndani yake, huyo ndo mtu wako. Iondoe hiyo programu au iapdeti.

Kama haianguki ila inachelewa tu, hapo grafu haikusaidii, tumia ShellExView ya NirSoft, ya bure na ndogo sana. Ifungue kama administrator, kwenye Options chagua Hide All Microsoft Extensions ili usije ukagusa vya Windows, zitabaki za watu wa nje tu. Chukua nusu yake uzizime, anzisha Explorer upya, jaribu raiti kliki. Imepona? Basi mbaya yuko kwenye nusu uliyozima. Haijapona? Yuko kwenye nusu iliyobaki. Unaendelea kugawa nusu kwa nusu, hata wakiwa 32 kwa raundi tano unamshika, usianze kuzima moja moja utakesha. Hatua hii haifuti programu, inakata tu ule mstari wake kwenye menyu, na ukitaka unauwasha tena.

Kwa wenye Windows 11 mna kipimo cha haraka zaidi. Mna menyu mbili, ile fupi mpya na ile ndefu ya zamani inayotokea ukibonyeza Show more options au Shift ukiwa unaraiti kliki. Kama fupi inatokea mara moja na ndefu ndo inaganda, tafuta programu ya zamani, mpya waache.

Mara nyingine menyu inakwama kwenye faili moja tu, au unapopitisha mshale juu ya New au Send to. Send to inaangalia na diski na flashi zote, rudi kule juu kwenye diski za mtandao, ni ugonjwa uleule.

FAILI HALIFUTIKI

Soma ujumbe unaotoka. Nasisitiza, soma, kwa sababu kila ujumbe una sababu yake na watu wanabonyeza Cancel bila kuangalia halafu wanakuja kuniambia imekataa.

Ujumbe ukisema faili liko wazi kwenye programu nyingine, kuna kitu kimelishika. Funga Word, funga PDF, na angalia kama ile sehemu ya pembeni ya kuchungulia faili iko wazi, ifunge kwa Alt+P, hiyo nayo inashika faili na watu hawajui. Bado? Windows+R andika resmon, tabu ya CPU, kuna sehemu Associated Handles ina kisanduku cha kutafutia, andika sehemu ya jina la faili, itakutajia aliyelishika kwa jina. Wenye PowerToys (vifaa vya ziada vya Microsoft) wana File Locksmith, raiti kliki tu inakwambia. Kwenye folda za mtandao mara nyingi mshikaji ni Thumbs.db iliyotengenezwa na Explorer yenyewe, badilisha mwonekano uwe Details, toka kwenye folda, ifute ukiwa nje.

Ukisema jina ni refu mno, hapo ni ile kanuni ya Windows ya herufi 260 kwa njia nzima, kuanzia C:\ mpaka .docx, si jina la faili peke yake. Inawapata sana watu wa ofisi, folda ndani ya folda, Ripoti ya utekelezaji wa robo ya tatu ndani yake Ripoti ya mwisho ndani yake Ripoti ya mwisho iliyosahihishwa. Toka Windows 10 toleo la 1607 programu zinaweza kuruhusiwa kuvuka hapo lakini Explorer yenyewe bado inakwama. Dawa rahisi, badilisha majina ya folda za juu yawe mafupi, a, b, c, njia yote inapungua na faili linatii. Au fungua kwa 7-Zip File Manager ufute kutokea mle. Kwa folda kubwa isiyofaa kabisa kuna njia ya kuifunika na folda tupu:

mkdir C:\tupu
robocopy C:\tupu "D:\folda mbaya" /MIR

Hii soma mara mbili kabla ya Enter, folda ya pili ndo inafutwa yote na haiendi Recycle Bin. Ukizigeuza hakuna hasara, ukikosea jina la ya pili kuna kilio.

Ukisema Could not find this item na faili unaliona kwa macho yako, bonyeza F5 kwanza, inawezekana lilishafutika na Explorer haijajua. Kama bado lipo angalia mwisho wa jina, mafaili yaliyotoka kwenye Mac au Linux yanaweza kuishia na nukta au nafasi na Explorer hailiwezi jina la hivyo. Kwenye cmd unaliita hivi:

del "\\?\D:\Kazi\ripoti."

Yale maandishi \\?\ yanaiambia Windows usisahihishe jina, lichukue kama lilivyo. Majina kama CON, NUL, AUX, PRN yanafutwa kwa njia hiyohiyo, hayo Windows imeyahifadhi kwa matumizi yake toka enzi za DOS.

Na ukisema huna ruhusa, mara nyingi hilo faili limetoka kwenye diski ya kompyuta nyingine. Bonyeza Continue uache ijipe ruhusa, kama ni folda kubwa inachukua muda. Usithubutu kujipa ruhusa ndani ya C:\Windows kwa sababu tu kuna faili linakukera, hapo ndo utapiga window kweli.

NIKIINGIA FOLDA YA VIDEO EXPLORER INAJIFUNGA

Kuna video moja imeharibika, labda ilikatika wakati inadaunlodiwa, Explorer ikijaribu kuichorea ile picha ndogo inaanguka. Folder Options, View, weka tiki Always show icons, never thumbnails. Ingia sasa kwenye folda, haitaanguka. Hamisha nusu ya video peleka folda nyingine, ondoa tiki, jaribu, ule mchezo wa nusu kwa nusu tena mpaka umpate. Kama inaanguka kwa kila folda ya video basi shuku kodeki ulizoinstoo, vile viprogramu vya kusomea aina za video.

Picha ndogo zinazoonyesha picha ya faili lingine au nyeusi tupu ni kache (akiba ya picha ndogo) imevurugika, Windows+R, cleanmgr, chagua C:, tiki Thumbnails, OK. Hazipotei picha zako, kinachofutwa ni vile vivuli vyake.

Na kama PDF ulizodaunlodi zimeacha kuonekana kwenye sehemu ya kuchungulia na unapewa onyo kwamba faili linaweza kudhuru kompyuta, mashine yako haijaharibika. Masasisho ya usalama ya Oktoba 2025 yamezima kuchungulia mafaili yaliyotoka intaneti. Faili unaloliamini, raiti kliki, Properties, tiki Unblock. Usilolijua liache hivyohivyo.

FLASHI IMEGEUKA SHORTCUT

Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzima, flashi kaifunga kwenye kitambaa. Shikamoo mwalimu. Marahaba mwanangu, nisaidie, humu kuna kumbukumbu za kikundi chetu za miaka minne, sasa kila folda ina kimshale na ikifunguliwa haina kitu, kijana mmoja kaniambia niiformat. Nikamwambia mwalimu hujapoteza kitu, kaa hapo. Nikaraiti kliki shortcut mojawapo nikafungua Properties nikamwonyesha pale Target, badala ya kuonyesha folda ilikuwa inaita cmd.exe na nyuma yake mstari mrefu wa maandishi. Yani kila aliyebonyeza kile kimshale alikuwa anaiendesha virusi kwa mkono wake, mafaili halisi yako palepale, yamefichwa tu.

Kwa hiyo usibonyeze hizo shortcut hata moja. Angalia herufi ya flashi yako, tuseme ni E, fungua cmd uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo inaondoa alama ya kufichwa kwenye kila faili na kila folda. Subiri mpaka mstari urudi, kwa flashi iliyojaa inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukirudi kwenye flashi folda zako zitakuwa zimeonekana pembeni ya shortcut. Aina moja ya virusi hivi inasukuma kila kitu ndani ya folda isiyo na jina, utaona ikoni ya folda na chini hakuna maandishi, ingia humo ndo yalipo. Kopi mafaili yako peke yake kwenda kwenye mashine safi, futa shortcut zote pamoja na mafaili ya ajabu yanayoishia na .vbs, .js, .exe ambayo hukuyaweka. Kuyaona vizuri washa File name extensions kwenye View, bila hivyo faili la picha.jpg.exe linaonekana picha.jpg tu na mtu anabonyeza.

Sasa sehemu ambayo watu wanairuka: flashi ilichafukia kwenye kompyuta fulani, na kama ni ya kwako, ukichomeka tena itachafuka tena. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ile ya Offline. Itajizima na kuwaka na kuskani kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Mwalimu alikuta folda zake zote, mpaka ya michango ya msiba ya mwaka wa kwanza, akazisoma majina moja moja kwa sauti pale kaunta.

Flashi isipoonekana kabisa kwenye This PC ila inalia ukiichomeka, andika diskmgmt.msc kwenye Windows+R. Ukiiona pale chini ila haina herufi, au herufi yake imegongana na diski ya mtandao, raiti kliki, Change Drive Letter and Paths, mpe herufi ya mbali kama T. Ukiambiwa faili ni kubwa mno na flashi ina nafasi ya kutosha, flashi hiyo imeformatiwa kwa mfumo wa FAT32, haibebi faili moja linalofika GB 4, hapo video ya harusi ndo inapogomea. Kopi vilivyomo pembeni kisha iformat kwa mfumo wa exFAT. Ila kama unaitumia kwenye sabufa au redio ya gari angalia kwanza, nyingi zinasoma FAT32 tu.

Na flashi za terabaiti zinazouzwa bei ya soda zinadanganya ukubwa wake, Explorer inaonyesha kile flashi inachokisema yenyewe, unakopi vizuri kabisa halafu kesho mafaili hayafunguki. Ipime na H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, kabla hujaweka kitu cha maana.

DESKITOPU IMEKUWA TUPU, AU MAFAILI YANA KIWINGU

Hiyo ni OneDrive. Imehamisha Desktop na Documents zako ziko ndani ya folda ya OneDrive, na faili lenye kiwingu cha bluu liko kwenye seva, kwenye mashine kuna jina tu. Bando likiisha halifunguki, na Explorer inazunguka, inasubiri intaneti. Faili unalolihitaji liraiti kliki chagua Always keep on this device ukiwa bado una bando. Nafasi ya bure ni GB 5 tu, ikijaa inaacha kusinki. Ukitaka kuizima ingia settings zake, Sync and backup, Manage backup, na hapa tulia, ukizima unaweza kukuta deskitopu imebaki tupu, mafaili yako ndani ya OneDrive\Desktop, yakopi uyarudishe kwa mkono.

NATAFUTA FAILI NINALOJUA LIPO

Kisanduku cha kutafutia cha Explorer kinategemea orodha iliyoandaliwa mapema, na kwa kawaida diski ya D: haimo, kwa hiyo inaanza kutembea folda kwa folda. Control Panel, Indexing Options, Modify uiongeze, au Advanced halafu Rebuild kama inatoa majibu ya uongo. Mi mwenyewe kwa majina ya mafaili natumia Everything ya voidtools, inasoma jedwali la NTFS (orodha ya mafaili ambayo diski yenyewe inaitunza) moja kwa moja, unaandika herufi tatu majibu yako hapo.

UMEFANYA YOTE NA BADO

Tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji uingie nayo. Ikiwa huko inakwenda vizuri, tatizo liko kwenye mipangilio ya akaunti yako, hamisha mafaili uendelee na mpya. Ikiwa huko nako ni vilevile fungua cmd kama administrator, upitishe hizi mbili za kutengeneza mafaili ya Windows yaliyoharibika, kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inataka intaneti, isikutishe ikisimama muda mrefu kwenye asilimia ileile.

Ila kabla ya hizo, na hili nalisema kwa uzito wake, fungua Task Manager, Performance, angalia Disk. Ikiwa inakaa 100% wakati hakuna unachofanya na kasi iko chini kabisa, kilobaiti chache, na Explorer inaganda kwenye folda tofauti tofauti bila mpangilio, hadidiski inawezekana inakufa. Iangalie na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikitoa Caution au Bad usipige window, usiendeshe chkdsk (ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), usifanye chochote kinachoisugua. Zima, tafuta eksteno, kopi kwanza yale ambayo hayana nakala kokote, picha za familia, tasnifu, hesabu za biashara, folda ndogondogo kwanza, sinema na instola mwisho. Likigoma faili moja liruke endelea na mengine, utalirudia baadaye kama diski bado inapumua. Yakishatoka ndo ununue SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), na hiyo sasa ndo siku ya kupiga window.